Mlezi wa Roho: Historia ya Uongozi wa Kiroho katika Ukristo wa Maziwa Makuu

Utangulizi

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi walimu tumeizoea mno methali hii, na aghalabu huitumia tunaposema juu ya adabu za watoto. Lakini wahenga walikusudia jambo pana zaidi, yaani kwamba hakuna mwanadamu asiyekuwa na mwalimu. Mmoja hufunzwa na mtu amtakiaye mema. Mwingine hufunzwa na mambo yasiyojua huruma. Katika makala haya tunataka kulitazama jambo hilo kwa upande wa maisha ya Kikristo, na kueleza historia ya wale tunaowaita walezi wa roho: ni watu gani, walitoka wapi, walifanya kazi gani katika nchi zetu za Maziwa Makuu, na kazi yao ilipimwaje.

Mahali tunapoandikia panatulazimisha kuliuliza swali hili. Kajaga iko kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, magharibi ya jiji la Bujumbura, kandokando ya njia iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo. Si mbali na hapa mto Rusizi unaingia ziwani. Livingstone na Stanley walifika pande hizi mwezi wa Novemba 1871 kutaka kujua kama mto huo unaingia ziwani au unatoka, nao wakaona kwamba unaingia. Tangu wakati huo, na kabla yake, sehemu hii ya Uzige imekuwa njia ya watu: wafanya biashara, wavuvi, askari, wakimbizi na wahubiri. Kirundi na Kiswahili husikika sokoni kwa pamoja, na Waislamu na Wakristo hukaa mlango kwa mlango. Tena, makanisa ni mengi. Mtu akitaka kubatizwa hakosi mahali pa kubatizwa. Akitaka mtu wa kumlea baada ya kubatizwa, hapo ndipo shida inapoanza. Aidha, wako wengi wanaojiita baba wa kiroho wa wenzao, na si rahisi kwa kijana kujua yupi wa kumfuata na yupi wa kumkimbia.

Tunaamini kwamba historia inaweza kumsaidia kijana huyo, na kumsaidia mwalimu aliye mbele yake.

Majina na maana zake

Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, yafaa tuanze na maneno. Kiswahili hakina neno moja tu kwa mtu huyu. Liko neno mwalimu, lililotoka katika Kiarabu, ambalo kabla ya kuwa jina la mfanyakazi wa shule lilikuwa jina la mtu wa chuoni, mfundishaji wa dini. Wamisionari walipofika pwani na kisha bara walilikuta neno hilo, wakalichukua, na katika makanisa mengi mhubiri wa kijijini aliitwa mwalimu kwa muda mrefu. Liko pia neno katekista, lililoingia pamoja na Wakatoliki. Liko msimamizi, yaani yule amsimamiaye mtu anapobatizwa au anapotiwa kipaimara, ambaye wengine humwita baba au mama wa ubatizo.

Neno la kustaajabisha zaidi ni somo. Wanafunzi wetu hulijua kwa maana ya jambo linalofundishwa darasani. Watu wa pwani hulijua pia kwa maana ya mwanamke aliyekabidhiwa kumfunda mwari, amweleze siri za utu uzima na kumwongoza mpaka aolewe na hata baadaye. Tena watu wawili wenye jina moja huitana somo. Wakristo Wakatoliki wa Tanzania wakaja kulitumia kwa mtakatifu ambaye mtu, parokia au shule imepewa jina lake. Katika neno hili moja zimekutana maana nne: mafunzo, mfundaji wa siri, jina na mlinzi. Twadhani hakuna neno jingine linaloeleza vizuri zaidi kazi tunayoisema, maana mlezi wa roho ni mtu anayefundisha, anayetunza siri, anayempa mwenzake mfano wa kuufuata, na anayemwombea.

Lakini neno tulilolichagua kwa makala haya ni mlezi. Kulea ni kukuza. Mama anayemlea mtoto hataki abaki mtoto. Anamlisha ili siku moja ajilishe mwenyewe. Msomaji alishike wazo hili, kwa sababu ndilo litakalotuongoza katika kuupima kila mfano utakaofuata.

Asili ya desturi hii

Ukristo ulikuwa na walezi tangu siku zake za kwanza. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza jinsi Barnaba alivyomchukua Sauli, mtu ambaye waamini wote walimwogopa, akampeleka kwa mitume na kumdhamini. Prisila na mumewe Akila walimsikia Apolo wa Aleksandria akihubiri kwa bidii lakini kwa elimu pungufu. Hawakumwaibisha mbele ya watu, bali walimchukua kando wakamweleza mambo kwa usahihi zaidi. Mtume Paulo alimlea Timotheo, lakini yeye mwenyewe alikiri kwamba imani ya kijana huyo ilikuwa imekaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Na yule towashi wa Kushi, aliyekuwa akisoma chuo cha nabii Isaya garini mwake, alimwambia Filipo kwamba hawezi kufahamu pasipo mtu wa kumwongoza. Filipo akamweleza, akambatiza, kisha akaondolewa asionekane naye tena. Na yule mtu akaendelea na safari yake kwa furaha. Mlezi aliondoka, naye aliyelelewa hakupotea njia.

Afrika ina sehemu kubwa katika historia hii. Katika jangwa la Misri, Antonio, aliyefariki mwaka 356, alianza maisha yake ya sala kwa kuwaendea wazee waliomtangulia na kujifunza wema wa kila mmoja wao. Baadaye yeye mwenyewe akawa mzee wa kuendewa, na wamonaki wa Misri wakawa na desturi ya kila kijana kumfungulia moyo wake mzee mmoja, ambaye walimwita abba, yaani baba. Agustino, aliyezaliwa Tagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, alihangaika miaka mingi kabla ya kubatizwa na Ambrosi, askofu wa Milano, siku ya Pasaka ya mwaka 387. Kwa upande wa Ethiopia, desturi hiyo haikukatika hata leo: mwamini wa Kanisa la Othodoksi hutazamiwa awe na padre wake, ambaye kwa lugha yao huitwa baba wa nafsi.

Hapana budi kusema pia kwamba jambo hili si la Wakristo peke yao. Jirani zetu Waislamu wanayo heshima kubwa ya shehe kwa mwanafunzi wake, hasa katika tarika. Shehe Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, alikuwa na wanafunzi walioieneza Kadiria sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Na Warundi wenyewe, kabla hawajaona msalaba wala msahafu, walikuwa na bashingantahe. Mshingantahe ni mwamuzi na msuluhishi wa mlimani kwake, mwenye fimbo ya intahe. Hakuupata ujumbe huo kwa siku moja. Alichunguzwa muda mrefu, akawekwa chini ya mkubwa aliyemfundisha kusema kweli, kutunza siri na kutopendelea. Ndipo alipotawazwa hadharani mbele ya watu waliomjua. Kwa hiyo wamisionari walipoanza kusema habari za kumlea mtu kidogo kidogo mpaka akomae, hawakuwa wakisema jambo geni masikioni mwa Mrundi.

Miaka minne ya kungoja

Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, waliundwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers. Mtu huyu alikuwa ameisoma sana historia ya Kanisa la Afrika ya Kaskazini, Kanisa la Agustino, ambalo lilikuwa kubwa na kisha likatoweka. Alipowatuma watu wake kwenye Maziwa Makuu aliwapa amri iliyowasumbua wengi: wasiwabatize watu kwa haraka. Aliirudisha desturi ya kale ya ukatekumeni, akaamuru kwamba mtu aangaliwe na kufundishwa kwa muda usiopungua miaka 4, isipokuwa katika hatari ya kufa. Miaka ya kwanza alikuwa mwombaji tu. Baadaye alikuwa mkatekumeni. Ndipo ubatizo ulipofuata.

Katika miaka hiyo 4 nani alikuwa naye siku kwa siku? Mapadre walikuwa wachache, wageni wa lugha, na mara nyingi wagonjwa wa homa. Aliyekuwa naye ni mwalimu mweusi wa kijijini. Yeye ndiye aliyejua kama mwombaji amepatana na jirani yake, kama amelipa deni, kama amemrudisha mwanamke wa watu. Padre alipotaka kujua nani yuko tayari, alimwuliza huyo. Vitabu vya historia vimejaa majina ya maaskofu na mapadre, lakini kazi yenyewe ya malezi ilikuwa mikononi mwa watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Wakristo wa Buganda wasio na padre

Jaribio la kwanza kubwa la malezi hayo lilitokea Buganda. Mapadre Weupe walifika huko mwezi wa Februari 1879, na mwezi wa Novemba 1882 wakaondoka kwa kuona hatari, wakahamia kusini ya ziwa. Waliwaacha waamini wachache na wanafunzi ambao hawajabatizwa, bila padre na bila misa. Mtu yeyote angedhani kwamba kundi hilo litatawanyika. Mapadre waliporudi mwezi wa Julai 1885, baada ya kifo cha Kabaka Mutesa na kwa mwito wa mwanawe Mwanga, walilikuta kundi limeongezeka.

Waliolilinda ni walezi. Katika jumba la mfalme alikuwako Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyebatizwa mwaka 1882, ambaye vijana wa nyumba ya mfalme walimwendea kwa mafundisho na kwa mashauri. Mityana alikuwako Matia Mulumba pamoja na Luka Banabakintu, na watu walikusanyika kwao. Balikuddembe alimkaripia Mwanga kwa kuuawa kwa Askofu Hannington wa Waanglikana, tena aliwakinga vijana na uchafu wa mfalme. Kwa hayo aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga alibatizwa, akashika nafasi ya rafiki yake ya kuwaangalia vijana.

Tuangalie alivyofanya Lwanga. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, alipojua kwamba kesho watahukumiwa, aliwabatiza yeye mwenyewe wakatekumeni waliokuwa hawajapata ubatizo, akiwemo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Hakungoja padre, wala hakusema kwamba si kazi yake. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Wakatoliki 22 waliouawa katika madhulumu hayo walitangazwa kuwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, naye akawataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya imani ile ile.

Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kama habari ya ushujaa tu. Lakini ushujaa wa Kizito haukuanguka kutoka mbinguni usiku ule. Ulitayarishwa kwa miaka kadhaa na watu waliokuwa wakubwa kwake kwa umri mdogo tu, ambao wenyewe walikuwa Wakristo wapya. Hapa twajifunza kwamba mlezi si lazima awe mzee wala msomi. Lazima awe ameshatembea njia anayomwonyesha mwenzake.

Mganga wa Karema

Mfano mwingine ni wa ufuko wetu wenyewe wa Tanganyika. Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwakomboa vijana wa Kiafrika katika utumwa, kuwasomesha uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta, na kuwatuma wawe waganga na makatekista kwa pamoja. Mmoja wao alikuwa Adrien Atiman, mwenyeji wa nchi ambayo leo ni Mali, aliyetekwa akiwa mtoto na kuuzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, upande wa mashariki wa ziwa, na hapo akakaa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Aliwatibu watu, alifundisha dini, alioa na kuzaa, na mwanawe Yosefu akawa padre.

Twamtaja Atiman kwa sababu malezi yake hayakuwa na kishindo. Hakuuawa kwa ajili ya imani wala hakuongoza watu wengi kwa mkupuo. Alikaa mahali pamoja. Mtoto aliyemtibu kidonda alimwona tena alipokuwa kijana wa kuoa, na tena alipokuwa mzee wa kuzika wenziwe. Tena alikuwa Mwafrika mgeni, asiye na ukoo hapo, aliyelazimika kujifunza lugha kama mmisionari yeyote. Mtu aliyenyimwa wazazi na watekaji akawa mzazi wa wengi. Katika siku hizi ambapo wahubiri hupita kutoka mji mmoja hadi mwingine, uvumilivu wa namna hii wafaa kukumbukwa.

Burundi: mwanzo mgumu na wingi wa ghafula

Kwa upande wa Burundi, mwanzo ulikuwa wa damu. Mapadre Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao wakauawa huko. Iliwapasa kungoja hadi mwaka 1898 ndipo wakaanzisha misioni ya Muyaga, na mwaka 1899 ile ya Mugera. Katika miaka hiyo ya kwanza wageni walitegemea Kiswahili na wakalimani wake, kisha Kirundi kikashika nafasi yake katika mafundisho. Mwaka 1959 Michel Ntuyahaga alifanywa askofu wa kwanza Mrundi, akiwa na kiti chake Usumbura, jina la Bujumbura wakati huo.

Kati ya miaka hiyo jambo kubwa lilitokea. Tangu miaka ya 1930, katika Burundi na Rwanda, watu walimiminika kuomba ubatizo kwa maelfu, hasa baada ya machifu kuongoka. Rwanda Mwami Mutara Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme. Wamisionari wengi walifurahi. Lakini mwalimu mmoja aliyekuwa akiwalea waombaji wachache sasa alikuwa na mamia. Aliweza kuwafundisha wote majibu ya katekisimu. Hakuweza kumjua kila mmoja wao moyoni.

Nchi hizi mbili, ambazo sehemu kubwa ya watu wake walikuwa wamebatizwa, ziliona baadaye mambo ambayo kalamu husita kuyaandika: mwaka 1972 Burundi, vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, na mauaji ya kimbari ya Watutsi wa Rwanda mwaka 1994. Hatusemi kwamba uchache wa walezi ndio chanzo cha maovu hayo. Vyanzo vyake ni vingi, vya ukoloni, vya siasa na vya uroho wa madaraka, na wanahistoria wameviandikia. Lakini hatuwezi pia kulipita swali hili kana kwamba hatukuliona: watu waliokuwa wakisali sala moja waliwezaje kuuana? Jibu moja, ingawa si jibu lote, ni kwamba ubatizo ulitangulia na malezi yakachelewa.

Njia ya ndugu

Waanglikana wa pande hizi waliona mapema hatari ya ukristo wa jina tu. Gahini, katika Rwanda, daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi, waliokutana Namirembe mwaka 1929, walianza urafiki uliozaa uamsho mkubwa. Pamoja nao walikuwa akina Yosiya Kinuka na Blasio Kigozi, nduguye Nsibambi, aliyefariki Januari 1936. Uamsho huo wa Balokole, yaani waliookoka, ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika, na katika Burundi ukaingia pamoja na misioni za Matana na Buhiga zilizoanzishwa katikati ya miaka ya 1930.

Njia yao ilikuwa tofauti. Badala ya mwanafunzi mmoja na mlezi mmoja, walikusanyika ndugu kwa ndugu, mzungu na mweusi, mchungaji na mpishi, kila mtu akiungama mbele ya wenzake na kupokea maonyo yao. Njia hii ina hatari zake, kwani kundi laweza kuwa kali kuliko mtu mmoja, na siri iliyotolewa hadharani hairudi. Lakini ilikuwa na nguvu. Katika Kenya ya miaka ya 1950 walikuwako watu wa uamsho waliokataa kula kiapo cha Mau Mau na papo hapo wakakataa kushika bunduki ya Serikali, wakijua gharama yake.

Buta, 1997

Tumefika kwenye mfano ambao kila mwalimu wa Burundi yampasa kuujua. Katika Buta, mkoa wa Bururi wa wakati huo, ilikuwako seminari ndogo ya vijana. Baada ya mwaka 1993 shule nyingi nchini ziligawanyika: Wahutu walikimbia upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Gombera wa Buta, padre Zacharie Bukuru, alikataa jambo hilo lisitokee shuleni kwake. Hakulifanya kwa amri tu. Aliwaacha vijana waseme waziwazi habari za ukabila, hofu na misiba ya jamaa zao. Aliwaunganisha kwa sala, michezo na ngoma. Siku chache kabla ya msiba, baadhi yao walikuwa wametoka katika mafungo ya kiroho.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliishambulia seminari. Waliingia bwenini, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Walishikana, wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, na 40 kati yao wakafa. Gombera hakuwa pamoja nao bwenini saa ile. Alinusurika, akawazika, na baadaye akaandika kitabu juu yao. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua rasmi uchunguzi wa kuwatangaza wenye heri, wao pamoja na wengine waliouawa kwa ajili ya udugu, miongoni mwao padre na mwandishi Michel Kayoya, aliyeuawa Gitega mwezi wa Mei 1972.

Vijana hawa hawakuwa na nafasi ya kumwuliza mlezi wao la kufanya. Hapakuwa na dakika za kufikiri. Walichokuwa nacho ni kile kilichokwisha kuwekwa ndani yao katika miaka ya mazungumzo, na amri ya mwenye bunduki haikuweza kukitoa.

Alama za mlezi wa kweli

Tukiilinganisha mifano hii, tunapata alama za kumtambua mlezi. Kwanza, hana haraka. Lavigerie alidai miaka 4, mshingantahe aliangaliwa muda mrefu, na Atiman alikaa maisha yake yote. Pili, anasikiliza kabla ya kusema. Gombera wa Buta alianza kwa kuwaacha vijana waseme. Tatu, hutunza siri aliyokabidhiwa, kama somo anavyotunza ya mwari. Nne, hatafuti mali. Mtu anayedai fungu la mshahara wa mwanafunzi wake kwanza, ndipo amwombee, huyo ni mchuuzi, hata akivaa kanzu. Tano, na hili ndilo kubwa, anamfanya mwenziwe aweze kusimama bila yeye. Filipo aliondoka, mapadre wa Buganda waliondoka, gombera hakuwako bwenini. Na kila mara kazi yao ilionekana wakati wenyewe hawapo.

Kinyume chake nacho kiko wazi. Yuko mlezi anayewakataza watu kuwasikiliza wazazi wao, anayewachagulia wachumba, anayewaamuru waache dawa za hospitali, na anayefanya neno lake kuwa sawa na neno la Mungu. Afrika Mashariki imeyaona matunda ya jambo hilo. Kanungu, magharibi ya Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waamini waliteketea katika kanisa lao, na maiti nyingine nyingi zikafukuliwa katika nyumba za viongozi wao. Shakahola, karibu na Malindi, mwaka 2023, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioambiwa wafunge mpaka kufa. Watu hao hawakukosa imani. Walikosa uhuru wa kumwuliza kiongozi wao swali.

Hitimisho

Tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepata nafasi kubwa zaidi katika shule zetu, na walimu wake wamekuwa wengi. Wengi wetu si mapadre wala wachungaji, na baadhi yetu si Wakristo. Hata hivyo, jina tulilo nalo la mwalimu lilikuwa jina la mtu wa roho kabla ya kuwa jina la mtu wa mshahara, na wanafunzi wetu hawajasahau. Kijana wa Kajaga ambaye nyumba yao imeingiliwa na maji ya Rusizi, au aliyepotelewa na mzazi vitani, au anayevutwa na mhubiri mpya mwenye kipaza sauti, huja kwa mwalimu wake baada ya vipindi na kusimama mlangoni akijifanya amesahau daftari.

Hatumwombi mwalimu amfundishe dini ambayo yeye haifuati. Twamwomba amkaribishe, asiangalie saa, amsikilize, asiipeleke habari yake katika chumba cha walimu, na amfundishe kuuliza maswali, hata yale yanayomhusu mwalimu mwenyewe. Kijana aliyezoea kuuliza darasani atauliza pia kanisani na katika mkutano wa siasa. Siku atakapoambiwa ajitenge na mwenziwe, atauliza kwa nini. Na huenda swali hilo ndilo litakalomwokoa yeye na huyo mwenziwe.